Miche Imepandwa, Msitu Upo? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kupima Mipango ya Mazingira

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji walio kwenye kamati za misitu, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za fukwe), shehia na vikundi watuandikie jambo moja: wanajuaje kama mpango wao wa mazingira unafanya kazi? Barua nyingi zimetoka pwani. Tumejibu sita, na zile mbili za kwanza tumezipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lililomo ndani yake tunaliona karibu kila kamati.

SWALI: Kijiji chetu kiko wilaya ya Kilwa. Kupitia BMU tulifunga mwamba mmoja wa pweza miezi mitatu. Siku ya kufungua tulivua kilo 900, na kabla ya kufunga mwamba ule ulikuwa unatupa kilo 60 hivi kwa siku. Mwenyekiti anasema tumefaulu mara kumi na tano, tufunge tena. Akina mama wanaochokoa kwa miguu wanasema wamekula hasara. Nani yuko sawa? (Katibu wa BMU)

JIBU: Ndugu katibu, kilo 900 hazitoshi kukata shauri hilo. Pweza wa mwambani maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi. Jike akishataga hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Lakini akiwa mdogo hukua upesi mno. Akiachwa mwezi mmoja tu uzito wake unaweza kukaribia maradufu. Kwa hiyo mwamba uliopumzishwa miezi michache kwa kawaida hutoa mavuno ya kushangaza siku ya kwanza. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, waliliona hilo tangu walipoanza kufunga mwaka 2004. Siku ile mnavuna kilichojikusanya. Kinachotakiwa kujulikana ni kama kilichojikusanya kinazidi kile mlichokiacha.

Tupige hesabu. Uchokoaji wa miguu hufanyika bamvua, siku zile maji ya bahari yanapotoka sana, na mwezi una bamvua mbili. Tuseme kila bamvua ina siku tano za kufaa. Miezi mitatu ni bamvua sita, yaani siku 30, na siku 30 kwa kilo 60 ni kilo 1,800. Hizo mliziacha baharini. Sasa fungueni daftari la bamvua nzima ya kufungua, msiishie siku ya kwanza. Kama siku zilizofuata zilitoa kilo 380, 190, 110 na 70, jumla pamoja na zile 900 ni kilo 1,650. Mko chini kwa kilo 150. Ikiwa baada ya hapo mwamba unaendelea kutoa 80 kwa siku mahali pa 60, bamvua mbili zinatosha kurudisha pengo na zaidi. Ikiwa umeshuka hadi 40, kwa kuwa watu walikomba mpaka vidogo, kila bamvua inawaongezea hasara ya kilo 100. Siku ya kufungua hali hizi mbili zinafanana kabisa.

Hiyo "mara kumi na tano" nayo ina walakini. Siku ya kawaida mwamba ulikuwa na watu wangapi? Tuseme 15, kila mmoja saa nne: saa 60 za kazi kwa kilo 60, kilo moja kwa saa. Siku ya kufungua huja kijiji kizima na wageni juu. Wakiwa watu 150 kwa saa nne, ni saa 600 kwa kilo 900, yaani kilo moja na nusu kwa saa. Mara kumi na tano imegeuka mara moja na nusu. Si haba, ila si habari ile iliyotangazwa mkutanoni. Kipimo cha kushika ni hiki: kilo kwa mvuvi kwa saa.

Daftari liwe na tarehe, jina la mwamba, mwanamke au mwanamume, kwa miguu au kwa miwani (wazamiaji), saa ya kuingia, saa ya kutoka, idadi ya pweza, na uzito wa kila mmoja. Msipime tenga zima. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na mkipima mmoja mmoja mtaona wangapi kati ya 100 wako chini ya hapo. Fungu hilo likipanda bamvua baada ya bamvua ni dalili mbaya hata kama jumla ya kilo bado inaridhisha. Anzeni kuandika angalau bamvua nne kabla ya kufunga. Na andikeni vilevile kwenye mwamba mwingine unaofanana na huo ambao haufungwi. Miezi mitatu ile wavuvi hawakukaa barazani, walikwenda huko. Kilo walizozipata zinapunguza hasara yenu, lakini kama mwamba wa pili umebanwa mpaka umechoka, mzigo mmeuhamisha tu. Mwamba wa pili pia ndio utakaowaambia kama mwaka wenyewe ulikuwa wa pweza wengi kila mahali, mkaishia kujisifia kazi ya bahari.

Kuhusu akina mama, huenda wana haki, na ni rahisi kuhakikisha. Gawanyeni kilo kwa makundi: wa miguu, wa miwani, wageni wa dago (wavuvi wanaokuja kupiga kambi). Kama wa miguu walikuwa wanachukua kilo 40 katika kila 100 na baada ya kufungua wanachukua 12, basi mpango umemnufaisha mzamiaji kwa gharama ya mchokoaji. Mzamiaji hufika penye kina kabla maji hayajatoka. Mchokoaji hungoja mwamba uonekane, akifika mashimo yamekwisha tembelewa. Mpango wa namna hiyo haudumu, kwani wanaoulipia ndio watakaouvunja. Siku ya kwanza iwe ya wa miguu peke yao, wazamiaji waingie ya pili, na dago liingie ya tatu kwa ushuru. Halafu pimeni tena mgawanyo.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana, Lindi. Mradi ulitulipa tukapanda miche 20,000 ya mkoko, na bango linasema hekta 2 zimerejeshwa. Mwaka umepita, mingi imekufa. Mradi uko tayari kutulipa tupande upya. Tukubali?

JIBU: Msikubali kwanza. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hekta inachukua miche 10,000, kwa hiyo "miche 20,000" na "hekta 2" ni namba moja iliyoandikwa mara mbili. Bango linaeleza kibarua mlichofanya. Msitu haujahesabiwa bado.

Chukueni kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10, muitandaze iwe mraba. Ndani yake ilipandwa miche 100, kwa hiyo kila mche ulio hai ni asilimia moja, hesabu ya kufanya kichwani. Wekeni miraba 10: mitatu upande wa bahari, minne katikati, mitatu upande wa nchi kavu. Mahali hasa pachaguliwe kwa kura, vinginevyo miguu itawapeleka penye miche mizuri. Andikeni iliyo hai, iliyokufa ikiwa bado imesimama, isiyoonekana kabisa, na kando yake ile iliyojiotea yenyewe. Rudini kwenye miraba ileile mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka hadi angalau mwaka wa tatu.

Msikimbilie wastani. Tuseme upande wa bahari mmepata miche 2, 5 na 4. Katikati 31, 40, 38 na 35. Upande wa nchi kavu 61, 58 na 70. Wastani ni asilimia 34, na anayesoma taarifa atadhani shamba zima lina theluthi. Ukweli ni kwamba kuna ukanda uliokufa, ukanda unaosuasua na ukanda unaokwenda vizuri, na kila mmoja una sababu yake.

Sababu huonekana kwenye mche wenyewe. Usioonekana kabisa kwa kawaida umeng'olewa na mawimbi. Wenye shina lililogandwa na vijikombe vigumu vyeupe unakaa ndani ya maji muda mrefu mno. Ule mzigo huuinamisha hadi unavunjika. Uliotafunwa chini karibu na tope ni kazi ya kaa. Uliofukiwa mchanga au tope jipya unakosa hewa mizizini, na hilo huua hata miti mizima: mikoko ya hori la Mwache, Mombasa, ilikufa kwa wingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kushusha tope kutoka bara. Na palipo na ukoko mweupe wa chumvi juu ya ardhi, mkoko hauna lake. Huenda mchu, mti mwingine wa misitu ya mikoko, ukastahimili.

Kosa kubwa, tukisema bila kuzunguka, ni kupanda mti mmoja, mkoko wenyewe, kila mahali. Unapendwa kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama fimbo, unaiokota kwa kapu na kuichomeka topeni, kazi imekwisha na picha imepigwa. Lakini mbele kabisa baharini asili imeweka mti wa mlilana, mahali pengine mchu. Mkoko unafuata nyuma yake, kisha msinzi na mkandaa, na mchu tena kule juu maji yanakofika mara chache. Mbegu za mlilana ni ndogo na zinahitaji kitalu, ndiyo maana wengi wanazikwepa.

Kabla ya kupanda tena pimeni kimo cha maji. Simamisheni kijiti kilichopakwa chaki kwenye shamba lenu na kingine chini ya mikoko mikubwa iliyo karibu, siku hiyohiyo ya bamvua. Maji yatafuta chaki mpaka yalipofika. Kama shambani kwenu maji yamepanda sentimita 60 zaidi kuliko penye mkoko ulio hai, hata mkipanda mara kumi jibu ni lilelile. Kama chini kuna majani ya bahari, ondokeni. Pale ni malisho ya samaki, na kuyafukia kwa mikoko ni kuharibu kimoja ili kuhesabiwa kingine. Na kama ukanda umekauka kwa sababu ukuta wa shamba la zamani la chumvi umeziba mkondo, ombeni kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) muufungue pale mkondo ulipokuwa. Maji yakirudi huleta mbegu yenyewe bila posho. Ile safu ya "iliyojiotea" kwenye daftari ndiyo itakayowaonyesha mahali kupanda hakuhitajiki.

Hesabuni pia visiki kwenye mikoko iliyopo. Andikeni ukubwa wake kwa majina ya wakataji wenyewe, kuanzia nyembamba hadi nene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkiona visiki vya zamani ni vya boriti na vibichi vyote ni vya pau, maana yake boriti zimekwisha na watu wameshuka daraja. Kikundi kinachopanda hekta 2 huku hori la pili linapoteza 5 kinarudi nyuma.

Kama mnataka mfano wa malipo yanayofuata matokeo, tazameni Gazi, kaunti ya Kwale, Kenya. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza hewa ya ukaa kutoka hekta 117, sehemu kubwa ikiwa msitu uliokuwepo na unaolindwa, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Wanunuzi pale hulipia tani za hewa iliyohifadhiwa na miti, zilizopatikana kwa kupima miti iliyosimama. Nanyi mwambieni mfadhili wenu agawe malipo: sehemu mkipanda, sehemu kwa miche iliyo hai mwezi wa 12, na iliyobaki mwezi wa 36. Akikataa, mmejua anachokinunua.

SWALI: Marufuku ya mifuko ya plastiki ilifaulu au haikufaulu? Hapa Tanga bado naona plastiki ufukweni.

JIBU: Mfuko wa rambo uliolengwa na marufuku ya 1 Juni 2019 umeondoka kwa kiasi kikubwa madukani, kama ilivyotokea Kenya baada ya 28 Agosti 2017. Plastiki unayoiona sasa angalia ni ipi. Pima mita 100 za ufukwe kwenye mstari maji yanapoishia, okota yote, tenganisha: mifuko ya kubebea, vifuko vidogo vya karanga na barafu, chupa, vizibo, nyavu, kandambili. Hesabu, kausha, pima uzito. Rudia kila miezi mitatu, na ulinganishe kusi na kusi, kaskazi na kaskazi, kwa sababu upepo na mkondo hubadilisha kinacholetwa. Na angalia ile mifuko mbadala iliyowekewa kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba: ikiwa ni myepesi na inachanika siku ya pili, ni rambo aliyebadili nguo.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, Liwale. Mwaka juzi doria zilikamata watu 31, mwaka jana 9. Taarifa inasema uharibifu umeshuka kwa asilimia 70. Mbona magogo bado yanapita usiku?

JIBU: Ndugu mjumbe, uliza kwanza doria zilikuwa ngapi. Kama mwaka juzi zilifanyika 96 na mwaka jana 24 kwa kukosa mafuta ya pikipiki, basi mwaka juzi kila doria 100 zilikamata watu 32, na mwaka jana kila doria 100 zilikamata 37 au 38. Uharibifu haukushuka, macho ndiyo yaliyopungua. Idadi ya waliokamatwa ina kasoro nyingine: inaweza kupanda mpango unapoimarika, na kushuka wakataji wanapojua ratiba yenu au wanapojuana na mtu.

Kisiki hakina mjomba. Chagueni kwa kura mistari minane ndani ya hifadhi, kila mmoja kilomita moja, isifuate njia za watu. Tembeeni mkitazama mita tano kila upande. Kila mstari unakuwa hekta moja. Kila kisiki kiandikwe aina ya mti, kipenyo mahali kilipokatwa, kibichi au cha zamani, kisha kipigwe alama ya rangi ya mafuta ili safari ijayo kisihesabiwe tena. Andikeni pia matanuri ya mkaa na mitego. Fanyeni hivyo kila miezi sita, na mistari mingine minne muiweke kwenye msitu wa jirani usio hifadhi. Visiki vipya ndani vikishuka kutoka 6 hadi 2 kwa hekta huku nje vikipanda kutoka 5 hadi 11, shoka limehama. Kwa kijiji chenu ni nafuu, kwa wilaya si nafuu, na kijiji jirani kitakuja kulalamika.

Kama kijiji kinavuna kwa kibali, linganisheni pia mashina yaliyouzwa na yale mpango wa uvunaji uliyoruhusu, aina kwa aina. Ni ukaguzi wa namna hiyo unaobeba cheti cha FSC (cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri) ambacho misitu ya vijiji vya Kilwa yenye mpingo ilipata mwaka 2009. Daftari lisipoafikiana na visiki, cheti hakina kazi.

Msisahau upande wa watu. Ngitili za Shinyanga, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, zinatajwa sana kwa sababu ya ukubwa: mwaka 1986 mpango wa hifadhi ya ardhi ulipoanza zilikuwa hekta kama 600, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifika zaidi ya 250,000. Lakini kilichozidumisha ni majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, kuni za karibu na miti ya kujengea. Wasukuma walikuwa na ngitili kabla ya mradi wowote. Kwa hiyo kwenye ukaguzi wenu mwulize kila kaya ya kumi: safari ya kuni saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, na mwaka huu umepata nini kutoka msitu wa kijiji. Kama jibu ni "hakuna" kwa kaya nyingi, doria zenu zitaendelea kukosa mashahidi.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama Morogoro kinauza majiko banifu. Lebo inasema yanaokoa nusu ya mkaa. Wateja wanasema gunia linaisha vilevile. Tatizo ni majiko au wateja?

JIBU: Kabla ya kumlaumu yeyote, dada zetu, pimeni. Asilimia za kwenye lebo kwa kawaida hutokana na kuchemsha maji mbele ya fundi mwenye saa mkononi. Nyumbani kuna maharage, kuna mtoto analia, kuna sufuria kubwa kuliko jiko.

Chagueni kaya 20. Kila kaya mpeni mfuko wa mkaa mliopima, tuseme kilo 10, na watumie huo tu. Rudini kila baada ya saa 24, saa ileile, siku tatu mfululizo, mpime uliobaki. Msitumie debe wala gunia kama kipimo, maana lumbesa na chenga za chini hudanganya, tumieni mzani. Mkaa uwe mkavu na wa mahali pamoja. Wahesabuni waliokula: mwanamume wa miaka 15 hadi 59 ni 1, aliyezidi hapo ni 0.8, mwanamke ni 0.8, mtoto hadi miaka 14 ni 0.5. Baba, mama na watoto watatu ni 3.3. Wakitumia kilo 2.6 kwa siku kwa jiko la zamani, ni kilo 0.79 kwa mlaji. Wakishuka hadi 2.1 kwa jiko jipya, ni 0.64. Wameokoa asilimia 19. Msipime wiki yenye harusi au msiba, wala msilinganishe mwezi wa Ramadhani na mwezi mwingine.

Mkikuta akiba ndogo, ingieni jikoni mtazame kwa macho. Mara nyingi jiko la zamani bado liko kazini pembeni: moja la ugali, lingine la mboga, yote mawili yanawaka. Au udongo wa ndani umepasuka na joto linatokea ubavuni. Au matundu ya chini yamezibwa na majivu, mkaa unavuta vibaya na mpishi anaongeza mwingine. Udongo uliopasuka ni kosa la fundi na mnatakiwa kurudisha jiko. Rudieni kipimo baada ya miezi sita, kwa sababu jiko jipya lina adabu ambayo jiko kongwe halina.

SWALI: Kamati ya wavuvi ya shehia, Pemba. Mradi umetupa viashiria 42 vya kujaza kila robo mwaka. Tuko watu wanne na mmoja ndiye anayeandika vizuri. Tukijaza vyote hatuvui.

JIBU: Waambieni kwa heshima kwamba mtajaza vitano kwa ukweli, na vilivyobaki wajaze wao. Vitano tunavyopendekeza: kilo kwa mvuvi kwa saa kwa aina mbili za samaki mnaowategemea, fungu la samaki walio chini ya kimo kinachoruhusiwa, idadi ya vyombo vilivyokutwa eneo lililofungwa kwa kila doria 10, mgawanyo wa mapato kati ya wanawake, wanaume na wageni, na uwiano wa mapato ya kamati kwa gharama zake.

Huo wa mwisho ndio unaokimbiwa na wengi, na ndio unaosema kama mpango utaishi. Chukueni doria za boti nane kwa mwezi, lita 25 kila moja: lita 200. Tuseme lita ni shilingi 3,000, gharama ni 600,000. Mapato yenu ni ushuru wa vyombo 10 vya dago kwa 20,000, yaani 200,000. Mradi unabeba theluthi mbili. Siku ukiondoka, doria nane zinakuwa mbili, na wavunja sheria watalijua hilo kabla ya sheha. Mna njia chache: doria mbili za boti bila ratiba inayojulikana, walinzi wa zamu mchana na usiku kutoka nchi kavu, ushuru upandishwe, au eneo lililofungwa lisogezwe karibu na diko (bandari ya wavuvi) mahali linapoonekana kwa macho. Eneo dogo linaloonekana hulindwa kwa bei rahisi kuliko kubwa lililo nyuma ya kisiwa.

Jaribuni mwezi mmoja sasa, mradi ukiwa bado upo, kuendesha kila kitu kwa ushuru wenu peke yake, na andikeni siku ambayo boti ililala. Daftari lisifungiwe nyumbani kwa mwandishi. Kila mwisho wa bamvua nakala ya ukurasa ibandikwe diko ili wavuvi waibishie wakiona namba si zao. Iandikwe kwa penseli, kwani wino ukipata maji ya chumvi unatiririka.